Amiens, kaskazini mwa Ufaransa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wageni

Amiens iko kilomita kama 120 kaskazini mwa Paris, kando ya mto Somme. Wageni wengi hushuka treni asubuhi, wakaliona kanisa kuu, wakapiga picha, na kabla ya adhuhuri wamesharudi kituoni. Naupenda mji huu, na kuona watu wakiupita namna hiyo kunanisikitisha. Maswali yaliyomo humu ndiyo ninayoulizwa na ndugu na jamaa wanaokuja kutoka Afrika Mashariki, na wale wanaoishi Paris, Lille na Brussels.

Nina siku moja tu. Nianzie wapi?

Anzia majini, kanisani uende baadaye. Karibu kila mtu hufanya kinyume, kwa sababu kanisa linaonekana kutoka mbali na linamvuta mtu. Lakini ukianza na maji utalielewa kanisa.

Shuka hadi Saint-Leu, mtaa wa bondeni, chini kidogo ya kanisa kuu. Hapo mto Somme unagawanyika kuwa vijito vinavyopita katikati ya nyumba. Zama za kati vijito hivi vilizungusha vinu, na kandokando yake waliishi wasagaji, wafumaji, watengeneza ngozi na watia rangi. Utajiri mkubwa wa mji ulitoka kwenye mmea mmoja wa majani ambao watu wa huku huuita waide. Majani yake yalipondwa, yakafinyangwa madonge, yakakaushwa, yakachachushwa, na mwishowe yakatoa rangi ya buluu, nili ya Ulaya kabla nili ya India haijafika. Nguo za buluu zilipendwa na wakubwa, na wafanyabiashara wa waide wa Amiens wakatajirika sana.

Sasa panda hadi kanisani, uzunguke ukuta wa upande wa kusini. Tafuta sanamu ya wanaume wawili wenye gunia kubwa katikati yao. Hao ndio wafanyabiashara wa waide. Walitoa fedha za ujenzi, wakachongwa ukutani na mzigo wao. Watu waliofanya kazi kwenye tope na maji pale chini ndio waliolisimamisha jengo hili, na anayekuja kwa haraka hapati nafasi ya kuliona jambo hilo.

Nafikaje huko kutoka Paris?

Panda treni kituo cha Gare du Nord. Safari ni ya saa moja na kidogo, bila kubadilisha. Kutoka Lille pia kuna treni za moja kwa moja.

Angalia jambo moja unaponunua tiketi. Kipo kituo cha treni za kasi kinachoitwa TGV Haute-Picardie, na watu hukichanganya na Amiens. Kituo hicho kiko kilomita kama 40 kutoka mjini, katikati ya mashamba ya viazisukari. Tiketi yako iandikwe Amiens. Ukitoka kituoni, kanisa kuu liko mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Kanisa kuu lina nini hasa cha ajabu?

Ukubwa kwanza. Kwa ujazo, ndilo kanisa kuu kubwa kuliko yote ya zama za kati nchini Ufaransa: mita za ujazo kama 200,000. Notre-Dame ya Paris ingeingia ndani yake mara mbili. Dari ya matao iko mita 42.3 juu ya sakafu, yaani jengo la ghorofa kumi na mbili lingesimama humo ndani bila kugusa juu. Tangu 1981 limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Mimi, hata hivyo, naona mwanga wake unazidi ukubwa wake. Ingia kwa mlango wa magharibi, usimame, usitembee. Nguzo ni nyembamba kiasi kwamba jicho halioni kinachobeba uzito wote ule. Uzito umetolewa nje, kwenye matao ya kuegemeza yanayozunguka jengo kama mikono, ili kuta za ndani zibaki wazi kwa madirisha.

Kanisa la zamani liliungua mwaka 1218. La sasa likaanza kujengwa 1220, wakati wa askofu Évrard de Fouilloy. Fundi mkuu wa kwanza alikuwa Robert de Luzarches, akafuatwa na Thomas de Cormont, kisha mwanawe Renaud. Ukumbi mkubwa wa mbele ulikuwa umekwisha kufikia 1236, na sehemu kubwa ya jengo lote ilimalizika ndani ya karne hiyohiyo. Ndiyo maana linaonekana kama wazo moja. Makanisa mengi ya wakati ule yalijengwa kwa karne kadhaa, kila fundi akiongeza lake.

Haraka hiyo ilikuwa na gharama. Mwishoni mwa karne ya 15 nguzo za katikati zilianza kutanuka na nyufa zikatokea. Mafundi wakafunga mnyororo wa chuma kuzunguka jengo kwa ndani, katika ujia ulio juu ya matao, wakiutia ukiwa umepashwa moto ili ukipoa ujikaze na kubana kuta. Mnyororo huo upo mpaka leo, unafanya kazi yake.

Niangalie nini nje, kabla ya kuingia?

Watu hutazama juu tu, kwenye sanamu 22 za wafalme. Zinapendeza, lakini mimi huwaambia wageni wangu wainame. Chini ya sanamu kubwa za milangoni, kwenye usawa wa macho, kuna safu ya michongo midogo yenye umbo la ua la petali nne. Katika mlango wa kushoto, wa Mtakatifu Firmin anayehesabiwa kuwa askofu wa kwanza wa Amiens, michongo hiyo inaonyesha kazi za mwaka, mwezi mmoja mmoja. Februari ni mzee anayeota moto, viatu amevua. Kisha yanakuja majira ya kukata majani, ya kuvuna na ya kupura nafaka. Mkulima yeyote, awe wa Mbeya au wa Kisii, atajua kinachoendelea bila kusomewa kibao.

Mlango wa katikati una sanamu ya Kristo akibariki, ambayo wenyeji huiita Mungu Mzuri. Simama mbele yake dakika tano. Uso ule umetulia kwa namna ambayo picha haziwezi kuionyesha.

Je, ni kweli kichwa cha Yohana Mbatizaji kiko humo?

Kanisa lina fuvu, sehemu ya mbele ya uso, linaloheshimiwa kuwa la Yohana Mbatizaji, ambaye Waislamu wanamjua kama Nabii Yahya. Lililetwa mwaka 1206 na kasisi mmoja, Wallon de Sarton, aliyekuwa Konstantinopoli baada ya Wapiganamsalaba kuuteka na kuupora mji ule 1204. Mahujaji walianza kumiminika Amiens, na sadaka zao zikaingia katika ujenzi pamoja na fedha za waide.

Kuna mahali pengine panapoheshimiwa kwa jambo hilohilo, ukiwemo msikiti mkuu wa Bani Umayya mjini Dameski. Kanisani Amiens habari za Yohana zimechongwa pia kwenye mawe yaliyopakwa rangi, upande wa kaskazini wa uzio wa kwaya, mpaka pale Herode anapoletewa kichwa kwenye sinia. Rangi zake bado zinang'aa.

Mimi si Mkristo. Naruhusiwa kuingia, na nitalipa?

Karibu. Kuingia ni bure kwa watu wote. Wakati wa ibada usizungukezunguke. Kaa nyuma usubiri. Kinacholipiwa ni kupanda minara, ngazi zaidi ya 300 za mzunguko, nyembamba, zisizo na lifti. Mwenye magoti mabovu au anayeogopa kufungika asijilazimishe.

Ndani kuna kitu ambacho Waislamu na Wakristo husimama mbele yake kwa pamoja: viti vya kwaya, 110, vilivyochongwa kwa mti wa mwaloni kati ya 1508 na 1519. Vina sanamu ndogo kama 4,000. Kisa kirefu kabisa kilichochongwa humo ni cha Yusuf: ndoto zake, ndugu zake, kisima, Misri na maghala ya nafaka. Kandokando ya visa vya manabii, mafundi waliwachonga watu wa mjini kwao, muoka mikate, muuza dawa, mama na mtoto. Sehemu hiyo ina uzio, kwa hiyo ulizia mlangoni saa ambazo watu hupelekwa kuiona.

Malaika anayelia ni nani?

Nyuma ya madhabahu kuu kuna kaburi la kasisi Guilain Lucas, aliyefariki 1628, mtu aliyekumbukwa kwa kuwasaidia watoto yatima. Mchongaji Nicolas Blasset, mtoto wa Amiens, aliweka hapo malaika mdogo wa marumaru. Mtoto huyo amekaa, kiwiko chake kimeegemea fuvu la kichwa, mkono wa pili uko juu ya saa ya mchanga, na shavu limelala kiganjani. Analia kama watoto wanavyolia wakichoka, bila sauti.

Katika Vita Kuu ya Kwanza askari waliopita Amiens kwenda mstari wa mbele walinunua kadi za posta zenye picha yake, wakawatumia mama zao na wake zao. Kadi hizo zilifika Uingereza, Australia na Kanada. Kila nikisimama pale nawaza kijana aliyekosa maneno ya kuandika, akaona picha hiyo inatosha.

Kwa nini katikati ya mji kunaonekana kupya?

Kwa sababu kuliungua. Mwaka 1918 Wajerumani walikaribia sana mji, na makombora machache yakalipiga kanisa, lililokuwa limekingwa kwa mifuko ya mchanga. Tarehe 8 Agosti mwaka huo majeshi ya washirika yalianzia karibu na Amiens shambulio lililogeuza mkondo wa vita. Kisha Mei 1940 ndege za Ujerumani zikaushambulia mji kwa mabomu, na mitaa mingi ya katikati ikateketea. Kanisa lilibaki limesimama juu ya vifusi.

Baada ya vita, mbunifu Auguste Perret alipewa kazi ya kujenga upya uwanja wa kituo cha treni. Mnara wake wa zege, wenye zaidi ya mita 100, ndio utakaokupokea ukitoka kwenye treni. Wengi huuona mbaya. Mimi nauheshimu: ulisimamishwa na mji uliokuwa umepoteza karibu kila kitu, na haukujaribu kuigiza cha zamani.

Hortillonnages ni nini, na panastahili kwenda?

Panastahili sana. Ni bustani zinazoelea machoni tu, maana kwa kweli ni visiwa vya udongo mweusi wa kinamasi, hekta kama 300, vilivyotenganishwa na mifereji yenye jumla ya kilomita 65, na vyote viko mwendo mfupi kutoka kanisani. Kwa karne nyingi vimelimwa mboga: vitunguu, kabichi, figili, saladi, artichoke. Watu walichimba udongo, wakaukausha na kuutumia kama kuni, na mashimo yao yakawa mabwawa na njia za maji.

Wakulima wake walipeleka mboga sokoni kwa mashua nyeusi ndefu, bapa, zenye omo iliyoinuka kama ulimi. Umbo hilo lina sababu. Kingo za visiwa ni laini, na omo iliyoinuka hupanda juu ya ukingo bila kuuvunja. Wakulima waliobaki leo ni wachache, lakini Jumamosi asubuhi bado utawakuta wakiuza mboga kwenye soko la kando ya maji, uwanja wa Parmentier. Nunua figili, uzile hapohapo.

Mwaka 1975 palikuwa na mpango wa kupitisha barabara kubwa katikati ya bustani hizi. Wenyeji wakaunda chama cha kuzilinda, na kwa kuwapeleka watu kwa mashua wakawaonyesha kitakachopotea. Barabara haikupita. Chama hicho kingali kinapeleka wageni kutoka boulevard Beauvillé, kwa mashua za umeme zisizo na kelele, kuanzia Aprili hadi Oktoba. Nenda mapema mchana. Siku za jua foleni ni ndefu.

Nimesikia mwandishi Jules Verne aliishi hapa. Ana uhusiano gani na Zanzibar?

Uhusiano upo. Riwaya iliyompa jina, iliyotoka mwaka 1863, inasimulia safari ya puto kuvuka Afrika, na puto hilo linapaa kutoka Zanzibar, kwenye kisiwa kidogo kando ya Unguja, kisha linapita bara mpaka Senegal. Verne hakuwahi kufika Zanzibar. Aliiandika kwa kusoma taarifa za wapelelezi wa Kizungu, na Waafrika wake wanaonekana kwa macho ya wapelelezi hao. Anayetoka pwani yetu ana haki ya kulisema hilo wazi, na bado akaona ajabu kwamba umaarufu wa mtu huyu ulianza kwa kupaa kutoka kwetu.

Amiens alifika 1856 kuhudhuria harusi ya rafiki, akakutana na Honorine, mjane mwenye mabinti wawili. Wakaoana mwaka uliofuata, na tangu 1871 wakahamia mji wa mke. Nyumba waliyokaa kuanzia 1882 hadi 1900, yenye mnara wa duara kwenye kona ya rue Charles Dubois, sasa ni makumbusho. Panda mpaka juu uone chumba chake cha kazi: meza ndogo, kitanda chembamba cha chuma. Alikuwa akiamka alfajiri kuandika.

Mwaka 1888 alichaguliwa diwani, na aliichukua kazi hiyo kwa uzito. Alipigania lijengwe jengo la kudumu la sarakasi, lenye kuta imara badala ya hema, na likafunguliwa 1889. Lipo hadi leo na linatumika. Alifariki Amiens mwaka 1905. Kaburi lake, katika makaburi ya La Madeleine, lina sanamu ya Albert Roze: mwanamume anayevunja jiwe la kaburi na kutoka, mkono juu, sanda ikimdondoka. Ni mbali kidogo na katikati, na makaburi yenyewe ni kama msitu, miti imefunika njia.

Maonyesho ya taa kanisani ni lini?

Kiangazi na Desemba, bure. Wakati wa kusafisha mawe ya mbele kwa leza, katika miaka ya 1990, mafundi walikuta mabaki ya rangi. Kumbe sanamu zile zilipakwa rangi kali zama za kati: nyekundu, buluu, dhahabu. Tangu 1999 taa hurudisha rangi hizo usiku juu ya kila sanamu. Kiangazi jua huchelewa kuzama, hivyo onyesho huanza usiku wa saa nne au baadaye. Ndiyo sababu nyingine ya kulala hapa badala ya kukimbilia treni.

Nikila nini? Kuna chakula cha asiyekula nguruwe?

Uliza kabla ya kuagiza, maana chakula maarufu cha hapa, ficelle picarde, ni chapati ya maji iliyoviringishwa na paja la nguruwe, uyoga na malai, ikafunikwa jibini na kuokwa. Mikahawa mingine hutengeneza ya kuku au ya uyoga mtupu. Makaroni za Amiens hazina shida hiyo: ni vitafunwa vidogo vya lozi, sukari, asali na yai, vigumu kidogo nje na laini ndani. Usivifananishe na vile vya rangi rangi vya Paris. Mikahawa ya quai Bélu, Saint-Leu, imetazama maji na bei yake iko juu kidogo. Mimi naona inafaa kwa jioni moja.

Na watoto?

Watapenda mashua. Watapenda pia Lafleur, mwanasesere wa kamba mwenye nguo nyekundu, mtumishi mkorofi asiyeogopa polisi, anayezungumza Kipicard, lugha ya zamani ya sehemu hizi. Kundi la Chés Cabotans d'Amiens humwonyesha. Hata asiyejua lugha hucheka.

Jumba la makumbusho na mnara wa kengele?

Musée de Picardie lilijengwa katika karne ya 19 mahsusi kuwa makumbusho, lina michoro mikubwa ya ukutani ya Puvis de Chavannes, na lilifunguliwa tena 2020 baada ya ukarabati. Jumatatu hufungwa. Mnara wa kengele wa mji, ulioanza mwaka 1406 na uliowahi kuwa gereza, umo pia katika orodha ya UNESCO.

Nikiwa na siku ya pili?

Nenda kwenye viwanja vya vita vya Somme. Thiepval kuna mnara wenye majina zaidi ya 72,000 ya askari wasiojulikana walikozikwa. Longueval kuna ukumbusho wa kikosi cha Afrika Kusini kilichoingia msitu wa Delville Julai 1916 na watu zaidi ya 3,000, kikatoka na mamia tu. Villers-Bretonneux, karibu zaidi, kuna shule iliyojengwa upya kwa michango ya watoto wa shule wa Australia. Maeneo haya yametawanyika, hivyo kodi gari au jiunge na ziara.

Asiyetaka vita aende kwenye mlango wa mto Somme, Saint-Valery, aangalie sili wakilala juu ya mchanga maji yakipwa.

Nimebaki na saa moja kabla ya treni. Nifanye nini?

Rudi kanisani utembee juu ya mzingile wa sakafuni. Ni njia ya mawe meusi na meupe katikati ya ukumbi, yenye umbo la pembe nane na urefu wa mita 234, ikijikunja na kurudi mara nyingi kabla haijafika kati. Ule wa kwanza ulitandazwa 1288. Mawe ya sasa ni ya karne ya 19, yamefuata mchoro uleule, na jiwe la asili la katikati limehifadhiwa Musée de Picardie. Kwenye jiwe hilo yameandikwa majina ya askofu na mafundi watatu, Robert, Thomas na Renaud. Fuata mstari mweusi bila kuruka kona. Ukifika kati, toka kwa mlango wa kusini, upite chini ya wale wawili wenye gunia la waide, ushike njia ya kituoni.